Ada ya Kutowasha Moto

Watu wengine hufunuliwa mambo msikitini, wengine kanisani. Bakhit alifunuliwa jikoni, siku alipoona bei ya kabichi mbichi.

Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Jinja, miaka ile wazungu walipoanza kumiminika kuja kupanda maboti ya mpira kwenye maporomoko ya Bujagali. Mmoja wao, mama mrefu mwenye miwani, alimwambia mhudumu kwa upole kwamba yeye hali kitu kilichopita motoni. Alitaka kabichi mbichi, karoti mbichi, karanga zilizolowekwa, na pasheni ya kukamulia juu yake. Bakhit akakwaruza karoti, akakata kabichi, akapanga sahani, akarudi kwa kuku wake aliyekuwa akimgeuza juu ya makaa tangu asubuhi. Baadaye bili zikapita dirishani pake. Sahani ya yule mama ilikuwa ghali kuliko kuku mzima.

Bakhit alimwuliza mhudumu kama kuna kosa. Mhudumu akasema hakuna. Mzungu amelipa, ameshukuru, na kesho anataka vile vile. Basi Bakhit akaketi juu ya gunia la makaa akatafakari maisha yake. Miaka yote hiyo amekula moshi, ameunguza vidole, ameamka alfajiri kupuliza makaa ya sigiri, na kumbe kazi yake ilikuwa kukishusha bei chakula cha watu. Jioni ile aliacha kazi. Hakuiba chochote, isipokuwa kikwaruzio cha karoti, na hicho nacho alikihesabu kuwa kiinua mgongo chake.

Nyumbani kwao Kimaka, mtaa wa hapo Jinja, mkewe Juwairiya hakupiga kelele. Yeye alikuwa na jambo moja tu moyoni. Juu ya kabati la chumba chao zilikaa sufuria kubwa tatu alizorithi kwa mama yake, mpishi wa harusi za Wanubi wa Jinja nzima, na kila Ijumaa alizisugua kwa majivu mpaka ukajiona uso. Zile zilikuwa sufuria za hoteli yao. Hoteli yenyewe haikuwapo bado. Palikosekana kodi ya chumba na mabenchi ya wateja. Bakhit akamwapia kwamba kodi na mabenchi vitatoka Mbale, mji wa chini ya Mlima Elgon.

Ilibidi iwe Mbale, kwa sababu Jinja walimjua. Mtu aliyekulisha pilau kwenye harusi yako hawezi kurudi akakuambia moto ni sumu.

Akafika Mbale na koti jeupe la mivumba, lililovaliwa na wengine kabla yake, miwani ya vioo vitupu, na Kiswahili chake cha Kinubi, kilichonyooka tangu enzi za babu yake aliyekuwa askari. Mjini pale Kiswahili, lugha ya wanajeshi, kilikuwa bado kinanuka bunduki. Mtu akikisikia kinatiririka, kwanza hunyoosha mgongo, kisha hujipapasa mfukoni kutafuta kitambulisho. Bakhit alilijua hilo na hakulionea haya. Alipanga chumba mtaa wa Malukhu, akaning'iniza kibao kilichoandikwa Daktari wa Chakula Hai, akaketi mlangoni akikwaruza karoti polepole, kwa heshima zote, mbele ya wapita njia.

Wa kwanza kunasa alikuwa Joash, afande mstaafu wa magereza, aliyekuwa na kidole gumba cha mguu kilichovimba kwa nyama na pombe ya miaka mingi. Bakhit alikitazama kidole kile kwa huzuni. Akaeleza kwamba moto unaua chakula, na maiti ikiingia mwilini lazima izikwe mahali. "Afande," akasema, "hapo chini una makaburi." Joash alikuwa amelinda wafungwa wa kila aina bila kutetemeka, lakini usiku ule hakulala. Asubuhi alikuja na pesa.

Joash akamleta Semei, mwenye mashine ya kusaga unga kule Industrial, mtaa wa viwanda. Semei alikuwa na presha na ubahili, na ubahili ndio uliomleta. Alikuwa amepiga hesabu kwamba kama hakuna kupika, basi hakuna makaa, hakuna mafuta, hakuna mshahara wa mpishi; atakula karibu na bure. Bakhit hakumkatiza. Alimwacha aende amfukuze mpishi na kugawa sigiri zake, ndipo akamtajia bei.

"Daktari," Semei akasema, "mimi kabeji najua bei yake. Hii yako imepanda mulima gani?"

"Bwana Semei, ng'ombe anayetembea na ng'ombe aliye buchani, yupi ghali?"

Semei alikuwa na ng'ombe. Alikiri kwamba ni anayetembea.

"Basi kabichi ya sokoni watu wanainunua wakaiue. Hii yangu inatembea."

"Na hii ada ya kutowasha moto? Moto hakuna. Sasa mimi nalipa nini?"

"Askari anayelinda mashine yako usiku, unamlipa kwa ajili ya mwizi aliyekuja, au kwa ajili ya mwizi asiyekuja?"

Semei akalipa. Bahili ni mteja mtamu kuliko wote, kwani akishatoa shilingi ya kwanza atatoa na zinazofuata, ili asije akakiri kwamba ile ya kwanza aliitupa. Alilipia kikapu kipya kila juma, kwa kuwa kikapu cha zamani kinakumbuka vyakula vilivyokufa. Alilipia maji ya kulowekea karanga. Alilipia kusimamiwa wakati wa kutafuna, ambapo Bakhit aliketi mbele yake akimtazama mashavu na kutikisa kichwa.

Haukupita mwezi, darasa likajaa. Watu waliokuwa wakila matoke na mchuzi kwa bei ya kawaida sasa walikula majani kwa bei ya karamu, wakiambizana kwamba wanajisikia wepesi. Hakuna aliyewadanganya katika hilo. Mifuko yao ilikuwa myepesi kweli.

Bakhit mwenyewe alikuwa mtu wa kula, na hakukusudia kuacha. Kila alasiri alikunja koti jeupe mfukoni, akaaga kwamba anakwenda kutafuta mizizi ya dawa, kisha akapanda bodaboda ya baiskeli mpaka upande wa pili wa mji, kwa mama mmoja Mkenya aliyeuza wali, maharage na chapati. Alikula akiwa ameinama, akafuta mdomo, akarudi na mizizi yoyote aliyoing'oa njiani. Pesa alizitia kwenye mkoba wa ngozi uliofungwa kiunoni, chini ya shati. Mabenchi yalikuwa yameshaingia humo. Kodi ilikuwa njiani.

Siku moja alimkuta dereva wa Peugeot anayeenda Jinja, akampa salamu za kumpelekea mkewe. Angeweza kumwambia tu kwamba mambo si mabaya. Lakini mwanamume akiwa mbali na nyumbani hupenda kuonekana mrefu. "Mwambie moto umepitwa na wakati," akasema. "Mwambie mumewe ni daktari, na Mbale nzima hailishwi ila kwa mkono wake." Akamhesabia na ada zote, mpaka ile ya kutowasha moto. Dereva akacheka, akaahidi kufikisha, na alifikisha pamoja na chumvi yake.

Sasa, pale Malukhu palikuwa na mwenye hoteli aitwaye Topista. Joash na Semei walikuwa nguzo za hoteli ile; walikula kwake mchana, wakaleta wenzao jioni. Ghafla akawa anawaona wakipita na vikapu, macho chini. Akauliza, akaambiwa. Asubuhi moja akavaa gomesi yake, vazi refu la heshima, akaja akaketi mbele ya Bakhit. Bakhit alijiandaa kwa matusi. Topista akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye ana presha, na anataka kujifunza. Akalipia masomo yote siku ile ile, bila kuuliza bei.

Hapo ndipo Bakhit alipotakiwa kukimbia. Mwenye hoteli asiyeuliza bei tayari ana ya kwake. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Na Topista alikuwa bado anatoa. Alimpa daktari chumba cha bure uani kwake, na veranda pana ya kufundishia, mkabala na jiko la hoteli. Wanafunzi wakisoma karibu na adui, alisema, watakuwa imara. Bakhit aliipenda sana hoja hiyo, hasa kwa vile ilimwondolea kodi ya chumba.

Siku ya kwanza ya darasa jipya Topista aliinua mkono. Akaonyesha kwenye dari ya jiko lake, palipokuwa na matita ya vijiti vya kahawia vilivyokauka na kukunjamana.

"Daktari, na malewa je? Sisi watu wa mulima hatuwezi kaa bila malewa."

Bakhit, mtoto wa Jinja, aliwahi kuona vijiti vile vikiuzwa kando ya barabara, na alijua ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Alivinusa. Vilikuwa na harufu ya moshi, akadhani ni moshi wa jiko la Topista. Daktari hawezi kusema sijui mbele ya watu waliolipa.

"Malewa ruhusa," akasema. "Hizo zimekaushwa na jua la mlimani. Jua ni baba, moto ni mwizi. Zitafuneni hivi hivi."

Joash alikohoa. Semei alimtazama Topista, na Topista akatazama mikono yake mwenyewe, akasema, "Asante, Daktari. Mungu akubariki." Bakhit aliona machozi machoni mwa wawili watatu, akajua kwamba elimu yake imewagusa.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika kidogo, na kila badiliko lilikuja limevaa nguo ya heshima. Topista alisema daktari mkubwa hatembei peke yake, akamweka Joash langoni. Alasiri Bakhit alipokunja koti lake, Joash alisimama, akaweka jembe begani. "Twende wote, Daktari. Wewe onyesha tu mizizi, kuchimba nitachimba mimi." Wakaenda wote, wakachimba mizizi kweli, wakarudi na gunia. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Bakhit alimkumbuka yule mama Mkenya na maharage yake kwa uchungu ambao hakuwahi kuuhisi kwa mtu wa ukoo.

Sahani yake sasa ilitoka kwa Topista, naye hakuwa mchoyo. Alimletea beseni la kabichi, karoti nzima nzima, mtama uliolowekwa, na juu yake, kwa kuwa daktari mwenyewe alikwisha kuziruhusu, fungu la malewa kavu. Bakhit alitafuna mpaka mataya yakauma. Na kutoka jikoni, siku nzima, ilikuja harufu: karanga zikichemka, matoke kwenye majani yake, samaki wa kukaushwa, vitunguu kwenye mafuta. Siku moja upepo ulimletea harufu mbaya akajisahau mbele ya darasa. "Kitunguu hicho kimetolewa mapema," akasema. Wakamtazama wote. Akasahihisha haraka kwamba adui lazima umjue. Topista, aliyekuwa mstari wa mbele, alitikisa kichwa kwa shukrani, na siku iliyofuata vitunguu vilikaa zaidi.

Jambo moja hakulielewa. Hoteli ya Topista ilikuwa ikijaa. Watu walikuja hata kutoka mitaa ya mbali, na meza iliyogombewa kuliko zote ilikuwa ile inayotazama veranda. Walikaa pale na sahani zao zinazotoa mvuke, wakamtazama yeye na beseni lake, wakala polepole kwa utamu mwingi. Bakhit aliwapungia mkono akiamini ni wafuasi waoga.

Kiuno chake kilipungua na mkoba ukanenepa. Ilibidi autoboe mkanda wake tundu jipya, kisha jingine. Kwa nini hakutoroka? Kwa sababu kodi ya chumba cha Kimaka ilikuwa imebaki kidogo itimie, na Semei alikuwa ameahidi kumletea wenye viwanda wa Industrial, Jumapili ya karamu. Ulikuwa mwaka wa tohara ya vijana, ambayo kule huja kila mwaka wa pili; kila ua ulikuwa na ngoma, na Topista angelisha watu. Avumilie mpaka Jumapili tu, Bakhit alijiambia. Alilala akiwaona wateja kwenye mabenchi yake, na Juwairiya akipakua kutoka sufuria ya mama yake, akicheka.

Jumapili ikafika. Wachezaji waliingia uani na kengele mapajani, vumbi likapanda, na Topista akaanza kulisha. Bakhit aliketishwa meza ya heshima, peke yake, na beseni jipya. Wenye viwanda hawakuonekana. Mbele yake zilipita sinia za matoke na bakuli za mchuzi mzito wa karanga, na ndani ya mchuzi ule mlikuwa na kitu cha kahawia, laini, alichokitambua kwa taabu. Zilikuwa malewa. Zimepikwa. Harufu ile ilimwinua kitini. Akasema anakwenda haja, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia jikoni.

Topista alikuwa ameketi kwenye kigoda, kama mtu aliyemngojea mgeni. Mbele yake palikuwa na sahani moja iliyofunikwa.

"Karibu, Daktari."

"Mayi," Bakhit akasema, akimwita mama kwa lugha ya pale. "Hiyo ni ya nani?"

"Hii nauza."

Akafunua. Bakhit aliona matoke, na malewa zimelala kwenye karanga, mafuta yakielea juu. Hakuwa na hila tena mwilini. Alikuwa na njaa tu, na aliona haya kwa jinsi njaa ile ilivyokuwa kubwa.

Akauliza bei kwa kunong'ona, akataja yeye mwenyewe bei ya hoteli. Topista akatikisa kichwa. Hiyo, akasema, ni bei ya watu wanaokula chakula kilichokufa. Hii ni ya daktari. Ina ada ya kuwasha moto. Ina ada ya kufunga mdomo, maana huko nje kuna wanafunzi waliolipa. Na ina bei ya kitunguu, ambacho safari hii hakikutolewa mapema.

"Jumla ni ngapi, Mayi?"

"Mukoba."

Bakhit alishika kiuno. Humo mlikuwa na mabenchi, na kodi, na kicheko cha Juwairiya. Alisimama hivyo mpaka mchuzi ukaanza kutanda utando juu. Kisha akafungua. Topista akauweka mkoba mapajani, akamsogezea sahani na maji ya kunawa, naye akala. Machozi yalimtoka, hakuyazuia. Hakuwahi kula kitu kitamu namna ile, na alikuwa mpishi.

Alipoinua kichwa, mlango ulikuwa umejaa watu. Joash alikuwa mbele, sahani mkononi, mdomo unang'aa mafuta. Semei alikuwa nyuma yake, na wengine wote, kila mtu na sahani yake.

"Daktari," Joash akasema bila hasira, "malewa wanakausha kwa moto kule mulimani. Inakaa juu ya moshi mpaka inakuwa hivyo. Hata mutoto wa hapa anajua. Sisi tangu siku ile tunakula kwa Topista, mulango wa nyuma. Ada tulikuwa tunalipa tu ili usikimbie na mukoba."

Bakhit alingoja kipigo. Hakikuja. Mtu mwenye chakula mkononi ni mgeni, na mgeni hapigwi. Topista alifungua mkoba palepale, akawarudishia wenyewe pesa zao; Semei akadai na ya vikapu. Kilichobaki alikitia kwenye gomesi yake. Cha ajabu ni kwamba Bakhit alikuwa bado anaitazama sahani tupu. Akauliza, kwa adabu, kama ipo ya pili. Hakuwa na kitu tena isipokuwa kikwaruzio cha karoti. Topista akakipokea, akakijaribu kwa kidole, akampakulia.

Jioni Topista alimlipia nauli, kwa kuwa mgeni hafukuzwi kwa miguu, akampa na tita la malewa, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu. Akamweleza namna ya kuzipika: kuziloweka, kuzichemsha mpaka zilainike, kisha karanga. "Wewe ni mupishi," akasema. "Pua yako ilisema tangu zamani. Rudi pika."

Njia nzima Bakhit aliliweka tita mapajani. Alikuwa ameibiwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona amepata. Jinja hakuna hoteli inayouza malewa za karanga. Mabenchi ya nini? Wataanza barazani, watu wasimame. Sufuria tatu zipo, sigiri ipo, Juwairiya yupo. Atamweleza ukweli wote, atamwomba msamaha, na kesho asubuhi watawasha moto. Alifurahi mpaka abiria wa jirani akamwuliza kama ana harusi.

Alipofika Kimaka alikuta viatu vya kike vimejaa mlangoni. Ndani, kwenye mkeka, walikaa majirani wakiwa wamevaa vizuri. Juwairiya alisimama, uso unameremeta kwa fahari ambayo Bakhit hakuwahi kuiona kwake.

"Huyu hapa," akawaambia. "Daktari mwenyewe."

Akamshika mkono, akamweleza kwa haraka, kama anayetoa zawadi. Dereva wa Peugeot alisema kila kitu: chakula hai, kutafuna kwa kusimamiwa, hata ada ya kutowasha moto. Basi Juwairiya hakutaka kubaki nyuma. Majirani wameshalipa ada, na pesa amenunulia kabichi, iko gunia zima uani. Sigiri ameigawa.

Bakhit alitazama juu ya kabati. Palikuwa na duara tatu safi kwenye vumbi.

"Nimeziuza," Juwairiya akasema. "Mke wa daktari apike nini humo?"

Mkewe alikuwa akimtazama, na wanawake wote walikuwa wakimtazama. Katikati ya mkeka palikuwa na beseni la kabichi iliyokatwa vizuri sana, kwa upendo. Bakhit alifungua mdomo kusema ukweli aliouandaa tangu Mbale, akaona kwamba ukweli ule ulihitaji sufuria.

"Na hizo ulizobeba, Daktari," jirani mmoja akauliza, akionyesha tita, "nazo ni za kupika?"

Bakhit aliliangalia tita. Bado lilinuka moshi.

"Hizi?" akasema. "Hapana. Hizi zimekaushwa na jua la mlimani. Zinaliwa hivi hivi."

Akaketi, akavunja kijiti kimoja, akaanza kutafuna, na Juwairiya akapita na kapu kukusanya ada ya malewa.